Pesa ya ufundi na kile cha juu

Simama nusu saa kwenye kaunta ya duka lolote la vifaa vya umeme Kariakoo, Dar es Salaam, utasikia maneno yale yale: "Niandikie mia na ishirini na tano." Rola la waya limeuzwa shilingi 110,000, risiti inatoka na 125,000, na ile 15,000 inabaki mfukoni mwa fundi. Hicho ndicho cha juu. Muuzaji kazoea, fundi kazoea, na mwenye nyumba aliyeko ofisini Posta, au aliyeko Muscat anayejenga kwa kutuma pesa, anapokea picha ya risiti kwenye simu na kuamini.

Sisi tunaoandika haya ni mafundi umeme wa majumbani, na hatutalizunguka jambo: cha juu ni wizi. Lakini ukimfukuza fundi mmoja kwa sababu hiyo, anayekuja baada yake atafanya vile vile, kwa kuwa kinachozaa cha juu kimebaki palepale. Mwenye nyumba anabana pesa ya ufundi hadi haitoshi kulipia kazi. Fundi anaona haitoshi, lakini anaitikia, maana akikataa yupo mwenzake nje ya geti. Kisha anajilipa kupitia waya. Bei waliyopatana ilikuwa ya uongo tangu siku ya kwanza.

Dawa yake ni hesabu, na hesabu yenyewe inataka kalamu na karatasi tu.

Siku ya fundi

Fundi mchanga akiulizwa siku yake ni shilingi ngapi, hutaja anachosikia wenzake wakitaja. Afadhali aandike matumizi ya mwezi mzima: nyumbani, zana, nauli, na mambo ya kazi kama leseni, simu na bando. Tuseme nyumbani ni 600,000, zana 80,000, nauli 100,000, leseni na simu 60,000. Jumla 840,000. Hizi ni namba za mfano, kila mtu aweke zake.

Hapo kwenye zana wengi hushangaa. Ila hesabu drili, grainda na visu vyake vya kukatia ukuta, ngazi, meta, springi ya kukunjia mabomba, waya wa kuvutia nyaya, na mega, mashine ya kupimia kama plastiki ya nyaya haivujishi umeme. Zikifika 1,920,000 na zikadumu miaka miwili, ni 80,000 kila mwezi. Usipoiweka pembeni, siku drili inaungua utaenda kuazima, na anayeazima hufanya kazi kwa ratiba ya mwenye drili.

Sasa kosa lenyewe. Wengi wanaichukua ile 840,000 wanaigawa kwa siku 26, yaani mwezi bila Jumapili, wanapata kama 32,300. Wanaona siku yao ni hiyo. Lakini siku 26 hazilipwi zote. Ipo siku ya kwenda Mbagala kuangalia nyumba ambayo mwenyewe hakupiga simu tena. Ipo ya kuzunguka madukani. Ipo uliyofika saiti ukakuta fundi lipu hajamaliza ukuta, ukageuza. Ipo ya kurudi kukaza soketi iliyolegea, bure, kama ulivyoahidi. Bado mvua, bado msiba. Ukipitia daftari lako bila kujidanganya, tuseme unakuta siku zilizolipwa ni 16. Gawa tena: 52,500. Hiyo ndiyo siku yako. Anayetoza 32,300 anakula mtaji wake kidogo kidogo, na kwa kuwa hafi njaa siku hiyo hiyo, hagundui mpaka mwaka upite.

Mwenye nyumba naye hesabu hii inamhusu. Anapomwona fundi amekaa saiti kwa muda wa saa sita tu kisha anataka 52,500, analinganisha na mshahara wa mwajiriwa. Mwajiriwa analipwa hata siku anayosubiri karatasi itoke kwenye printa. Fundi wa kulipwa kwa kazi analipwa siku mkono ukigusa kazi tu, kwa hiyo siku hiyo lazima ibebe na zile ambazo mkono haukugusa.

Pointi ni nini hasa

Nyumba mpya huku kwetu hupatanwa kwa pointi. Pointi ni mahali umeme unapotokea ili utumike: taa, soketi, feni, hita ya maji. Neno linaonekana wazi, na linaendelea kuonekana wazi hadi siku ya kulipana.

Chukua nyumba ya vyumba vitatu vya kulala, sebule, jiko, choo, bafu na korido. Taa: vyumbani 3, sebuleni 2, jikoni 1, chooni na bafuni 2, korido 1, nje 4. Zimekuwa 13. Soketi: mbili mbili vyumbani ni 6, sebuleni 4, jikoni 3, korido 1. Hizo 14. Feni 4, hita 1, jiko la umeme 1. Jumla pointi 33.

Ndivyo anavyohesabu mwenye nyumba. Fundi anapita ukutani anahesabu na swichi, maana kila swichi ina boksi lake, ina mfereji wake, na imemtoa jasho. Swichi ziko 12. Kwake yeye pointi ni 45. Wakiwa wamepatana 8,000 kwa pointi, mmoja ana 264,000 kichwani, mwingine ana 360,000. Tofauti ni 96,000, na hakuna aliyedanganya. Ugomvi wa namna hii tumeuona ukivunja maelewano ya watu waliofanya kazi pamoja nyumba tatu nzima.

Sisi tunapendelea swichi isihesabiwe peke yake. Bei yake iwe ndani ya pointi ya taa. Sababu ni kwamba mwenye nyumba asiyejua umeme anaweza kutembea chumba kwa chumba akahesabu taa na soketi mwenyewe, hahitaji kutuamini. Soketi pacha ni pointi moja, kwa kuwa ni boksi moja na bomba moja. Taa inayowashwa sehemu mbili, kama ya korido au ngazi, ina waya wa ziada, itajwe. Hita na jiko zinastahili kuhesabiwa mbili mbili, kwani waya wake ni mnene, milimita za mraba 4 au 6, na unatoka moja kwa moja kwenye meni swichi, yaani boksi linalogawa umeme wa nyumba nzima, na kuwa na breka yake. Hapa tumezihesabu moja moja ili hesabu iwe nyepesi. Meni swichi na arthi, yaani ile fimbo ya shaba inayozikwa ardhini, bei yake ikae pembeni, tuweke 60,000. Utakalochagua ni lako, mradi liandikwe kabla ukuta haujakatwa.

Turudi kwenye ile 8,000. Kazi ya nyumba hii, kwa fundi mmoja na saidia fundi mmoja, ni kama siku 7: tatu za kutindua na kulaza mabomba na maboksi, mbili za kupitisha nyaya, mbili za kufunga na kupima. Siku 7 kwa 52,500 ni 367,500. Saidia fundi akilipwa 15,000 kwa siku ni 105,000. Gharama halisi: 472,500.

Na mapatano yalikuwa? Pointi 33 kwa 8,000 ni 264,000, ongeza 60,000 ya meni na arthi, 324,000. Pengo ni 148,500.

Nyumba kama hii hula rola kama 10 za waya. Cha juu cha 15,000 kwa kila rola ni 150,000. Ndiyo maana tunasema cha juu hakitokei hewani. Kimekaa pale pale pengo lilipo, karibu shilingi kwa shilingi. Mwenye nyumba alidhani ameokoa pesa ya ufundi. Ameilipa, ila ameilipa dukani, kwa mtu asiyempa shukrani wala dhamana.

Bei isiyo na pengo hapa ni 12,500 kwa pointi: mara 33 ni 412,500, na 60,000, unarudi kwenye 472,500.

Pengo likijazwa kwa waya mbovu

Kuongeza bei kwenye risiti kunaumiza mfuko. Kuna njia ya pili inayounguza nyumba. Fundi aliyebanwa anapewa pesa ya waya mzuri wa shaba, ananunua ule wa alumini uliopakwa shaba juu, tofauti anaiweka mfukoni. Kwa macho zinafanana. Ukutani huwezi kuziona tena.

Waya wa soketi unapaswa kuwa na milimita za mraba 2.5 za shaba. Wa taa 1.5. Birika la umeme la wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 linavuta karibu ampea 8.7, hita ya kuchomeka ya wati 3,000 inavuta 13. Shaba ya 2.5 inabeba hivyo bila shida. Alumini ya unene ule ule ina ukinzani mkubwa zaidi, na mara nyingi unene wenyewe umepunjwa, hivyo inapata moto. Mahali pa kwanza kuonyesha ni pale waya unapobanwa na skrubu nyuma ya soketi: alumini inalegea kwa kupata moto na kupoa, inalegea zaidi, plastiki inaanza kubadilika rangi, harufu ya samaki aliyeoza inatoka ukutani na watu wanatafuta panya.

Kupima ni rahisi na kila mwenye nyumba afanye. Kata kipande kidogo, menya plastiki, kwangua uzi mmoja wa ndani kwa kisu. Shaba ni nyekundu hadi katikati. Ikitoka nyeupe, rudisha. Kipimo cha pili ni mizani: rola la mita 100 la waya wa 2.5 lina shaba peke yake kama kilo 2.2, kabla ya plastiki. Rola lote likisoma chini ya kilo 2, haliwezi kuwa shaba kamili ya mita 100, hata kama maandishi ya kwenye boksi yanang'aa namna gani.

Karatasi ya bei

Karatasi nzuri ya bei ina mistari inayotengana. Vifaa ni kitu kimoja. Ufundi ni kitu kingine. Nauli na ubebaji ni cha tatu. Na ununuzi, ikiwa fundi ndiye ananunua, ni cha nne.

Huu wa nne ndio unaosahaulika, na ndio mlango wa cha juu. Kwenda Kariakoo, kulinganisha maduka matatu, kukwangua nyaya, kuhesabu maboksi, kupakia na kurudi Kigamboni ni siku nzima ya kazi. Ikiwa haina bei kwenye karatasi, itajilipa yenyewe. Iandike: "Ununuzi, siku moja, 52,500." Mwenye nyumba akiona ni nyingi, anayo njia nyingine ya halali, anunue mwenyewe. Fundi amwandikie orodha yenye idadi na sifa kamili: "Waya wa 2.5 wa shaba tupu, rola 5. Boksi za soketi za chuma, 14. Bomba la milimita 20, idadi hii." Orodha ya kuandika "waya mkubwa" na "soketi nzuri" inampeleka mama wa watu dukani kuuziwa chochote.

Maduka mengi humpunguzia fundi wanayemfahamu. Punguzo hilo ni la nani? Kwa maoni yetu, fundi akilipwa ununuzi, punguzo ni la mwenye nyumba, na risiti iandikwe bei iliyolipwa kweli. Wapo wenzetu wanaoona ni jasho la jina lao dukani. Basi waseme hivyo mbele ya mwenye nyumba, kabla ya kununua. Linalosemwa kabla ni mapatano.

Kuhusu kupunguza bei: mwenye nyumba akisema ana 400,000 badala ya 472,500, usikubali kazi ile ile kwa pesa pungufu. Punguza kazi. Toa pointi 6, ambazo ni 75,000: taa mbili za nje, feni tatu za vyumbani, soketi ya korido. Zile atakazozihitaji baadaye, laza bomba na boksi peke yake kwa 5,000 kila moja, acha waya wa kuvutia ndani, mwakani atamalizia bila kubomoa lipu. Na ukimpunguzia mtu kwa undugu, iandike kama mstari wake: ufundi 472,500, punguzo la ndugu 70,000, kulipa 402,500. Vinginevyo jirani wa shemeji yako atakuja akitaka "ile bei uliyomfanyia shemeji", na ile haikuwa bei.

Kulipana kwa hatua

Umeme wa nyumba mpya una mapumziko mawili ya lazima. Mabomba na maboksi hulazwa kabla ya lipu. Nyaya hupita baada ya lipu. Soketi, swichi na taa hufungwa baada ya rangi. Katikati hapo nyumba inaweza kusimama miezi, kwa sababu pesa ya mwenye nyumba imeishia kwenye bati.

Mgawanyo unaotufaa ni 40 kwa mia mabomba yakikamilika, 30 nyaya zikipita, 20 vifaa vikifungwa, 10 ya mwisho baada ya kupima. Kwa nyumba yetu ni 189,000, kisha 141,750, kisha 94,500, kisha 47,250. Advansi ya kuanzia, tuseme 60,000 ya nauli na saidia fundi, itoke ndani ya ile 40 ya kwanza, isiwe juu yake.

Mwenye nyumba akitoa 70 kwa mia mwanzoni, amemtengenezea fundi sababu ya kutorudi: kilichobaki ni kazi nusu nzima kwa malipo ya 30. Fundi hata akiwa mwaminifu, kazi mpya yenye advansi itamvuta. Upande wa pili, mwenye nyumba anayesema "tutamalizana mwisho" anamfanya fundi amkopeshe. Kwa hiyo andikeni pia hili: saiti ikisimama zaidi ya miezi mitatu, hatua iliyokamilika inalipwa yote, na bei ya hatua zilizobaki inazungumzwa upya.

Halafu kuna lipu kuziba maboksi. Fundi lipu anapita na mwiko, mchanga na saruji vinaingia kwenye boksi na bomba, vinakauka. Siku ya kupitisha nyaya bomba halipiti. Kulizibua ni kutindua lipu mpya, na mtu atalipa. Zuia mapema: kunja karatasi ya mfuko wa saruji, jaza kila boksi kabisa, piga picha ukuta mzima kabla ya lipu. Baada ya hapo, bomba lililozibwa na mchanga ni nyongeza ya mwenye nyumba, naye amdai fundi lipu. Bomba lililokunjika kwa sababu ulilipinda bila springi ni lako, unazibua bila kudai.

Nyongeza zenyewe huja kwa sauti ya upole. "Fundi, hebu niongezee soketi moja tu hapa, ya televisheni." Kabla ya lipu ni pointi ya kawaida, 12,500. Baada ya lipu na rangi ni kutindua, kulaza, kuziba, kupiga lipu kipande, na rangi haitalingana. Mara tatu ya bei si nyingi. Jibu zuri tulilozoea ni: "Sawa mama, inawezekana. Bei yake ni hii, naiandika hapa kwenye daftari, tia saini." Asilimia kubwa ya mabishano ya siku ya mwisho yanakufa kwenye ukurasa huo wa nyongeza. Usipoandika siku ile ile, soketi ya televisheni itakuwa "ile ya bure uliyoniwekea".

"Umekaza skrubu moja tu"

Kazi ya kutafuta hitilafu ina maumivu yake. Nyumba upande mmoja hauna umeme. Fundi anafika, anapima volti kwenye meni, anazima breka moja moja, anafungua soketi ya kwanza, ya pili, ya tano. Nyuma ya ile ya tano, waya wa nyutro, ule wa kurudishia umeme, umechomoka kwenye skrubu. Dakika 90 za kutafuta, dakika 3 za kukaza. Mwenye nyumba ameona zile tatu.

Bei ya kazi hii isemwe kabla hujapanda daladala, kwa ujumbe ambao utabaki kwenye simu zote mbili:

"Habari za leo mama. Nauli na ukaguzi ni 20,000, inalipwa hata kama tatizo ni dogo. Nikishajua tatizo nitakwambia bei ya kurekebisha kabla sijaanza. Kifaa kikihitajika nitakuonyesha cha zamani na risiti ya kipya."

Ile "hata kama tatizo ni dogo" ndiyo roho ya ujumbe. Bila hiyo, fundi mwenye njaa anajifunza kukuza tatizo: breka nzima inabadilishwa, soketi nzima zinang'olewa, ili bei ifanane na jasho. Ukimlipa mtu kwa kujua, hatakuwa na sababu ya kuharibu ili aonekane amefanya.

Je, pesa ya ukaguzi ikatwe kwenye bei ya kazi mteja akikubali? Kazi ikiwa ya siku nzima, tunaikata. Ikiwa ya nusu saa, hatuikati, maana humo ndimo kazi yenyewe ilimo. Na wakati wa kukagua, fungua boksi mteja akiwa amesimama hapo. Mwonyeshe waya uliochomoka kabla hujaukaza. Inachukua nusu dakika na inafuta swali la kwa nini analipa.

Mteja akiwa kampuni au shule

Mtu binafsi anayejenga nyumba yake anakulipa ulichopatana. Kampuni, shule au taasisi ya Tanzania Bara ikikulipia huduma, inakata kodi ya zuio ya asilimia 5 na kuipeleka TRA. Ufundi wa 1,000,000 unakuja mkononi 950,000. Fundi asiyejua anadhani mhasibu kamla 50,000, anagoma, anapoteza mteja. Haijaliwa: dai cheti cha kodi ya zuio, kwa kuwa kiasi hicho kinahesabika kama kodi uliyokwisha kulipa.

Mistari inayotengana inakusaidia hapa pia. Ukiandika "Kazi ya umeme, 3,400,000" wakati ndani yake vifaa ni 2,400,000, mhasibu hana namna ya kujua huduma ni ipi, na akikata 5 kwa mia kwenye jumla anachukua 170,000 badala ya 50,000. Hiyo 120,000 iliyozidi ni pesa ya waya uliyokopa dukani.

Siku ya kukabidhi

Ile 10 kwa mia ya mwisho inalipia kupima, na kupima si kuwasha taa zikawaka. Kabla ya umeme kuingia, nyaya hupigwa mega kwa volti 500, na kipimo cha ukinzani kati ya nyaya na arthi kisiwe chini ya megaomu 1. Kikiwa chini, kuna plastiki iliyochubuka ndani ya bomba mahali fulani, na heri kuitafuta sasa. Kila soketi inapimwa kama laivu (waya unaoleta umeme), nyutro na arthi ziko upande wake. Umeme ukishaingia, swichi ya kinga ya miliampea 30, ile inayokata umeme ukivuja, inabonyezwa kitufe cha majaribio, izime yenyewe. Kazi ya maombi ya umeme Tanesco inahitaji fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Kama aliyetandaza nyaya hana leseni na anamleta mwenye nayo kuja kukagua na kusaini, gharama hiyo iwe imeandikwa tangu mwanzo, na huyo mwenye leseni afike kweli afungue maboksi. Saini iliyonunuliwa bila kufika inamuuzia mwenye nyumba usalama ambao haupo.

Dhamana nayo iwe na mipaka. Skrubu iliyolegea, swichi isiyoshika, waya ulioungwa vibaya: miezi mitatu, fundi anarudi kwa nauli yake. Soketi aliyoinunua mwenye nyumba ikipasuka, fundi anaifunga mpya bure mara moja, nauli ni ya mwenye nyumba. Friji iliyoungua kwa umeme kupanda haimo, na ni bora kusema hivyo siku ya kwanza, pamoja na ushauri wa kununua kilinzi cha friji.

Kisha zungukeni wote wawili, chumba kwa chumba, na ile orodha ya pointi 33 mkononi. Anayekagua ni mwenye nyumba, fundi anashika kalamu. Mkimaliza, andikeni kwenye karatasi moja jina la kila breka na chumba chake, kipimo cha mega, tarehe, na simu ya fundi. Ibandikeni ndani ya mlango wa meni swichi. Mwenye nyumba anatoa simu anatuma ile 47,250, na ya kutolea juu yake ikiwa ndivyo mlivyoandika.